Nitatoka kwa Mlango

Kalamu ilikuwa juu ya mkataba, mkataba juu ya meza, na Zuhura alikuwa ameiweka mikono yake mapajani makusudi. Kusaini alijua. Kusoma na kuandika alijifunza kwao Mpapura, kwenye madarasa ya watu wazima, mtoto mgongoni, na tangu hapo hakuwahi kuandika jina lake chini ya jambo asilolielewa. Hili la leo hakulielewa, na haya ya kusema hivyo hakuwa nayo.

Aliyeuleta mkataba ni mwanawe Faraji, karani wa bandarini, pamoja na mchora ramani aitwaye Dickson. Dickson alikuwa kijana msafi mwenye adabu, aliyesomea kazi yake Dar es Salaam, na shikamoo aliitoa vizuri. Tatizo ni kwamba vikao vyote vitatu vya kuzungumzia nyumba walivikaa wao wawili. Kiwanja cha Rahaleo, mtaa wa Mtwara mjini, kilikuwa cha Zuhura, kilitokana na korosho alizookota mwenyewe misimu na misimu, na hati ilikuwa na jina lake. Lakini aliyeulizwa anataka nyumba ya namna gani ni Faraji, na Faraji alitaka nguzo nne kibarazani na mahali pa kuegesha gari. Gari lenyewe hawakuwa nalo.

"Mama, hebu tuambie shida iko wapi," alisema Dickson.

"Nionyeshe mie nitalala wapi."

Dickson akaifungua ramani na kuweka ncha ya kalamu kwenye chumba cha nyuma kabisa. "Hapa. Umejitenga na kelele."

"Nafikaje huko?"

"Unaingia sebuleni, unapita chumba cha kulia chakula, unashika korido, unakata kona hapa kwenye stoo, umefika."

"Hiyo korido ina upana gani?"

"Futi tatu. Mtu anapita bila shida."

Zuhura hakusikia tena kilichofuata. Alikuwa amekwama kwenye ile kona.

Mwaka 1994 walikuwa wamepanga nyumba hapo hapo Rahaleo, chumba cha mwisho, na korido yake nayo ilikata kona. Mumewe Abdallah alifia chumbani humo. Wanaume walipokuja na jeneza, halikuingia. Walilijaribu kwa ubavu, wakalijaribu kwa kulisimamisha, wakajadiliana kwa sauti ya chini huku wanawake wanasikia. Mwisho, kwa kuwa hawakutaka kumkunja maiti kwenye kona, waling'oa nondo za dirisha, na Abdallah akapitishwa dirishani ndani ya sanda yake, kama gunia la korosho za wizi. Mtu aliyeishi miaka hamsini na tisa bila kuingia kwa mtu kwa dirisha, akatolewa kwa dirisha. Zuhura hakulia siku ile kwa kufiwa tu. Alilia kwa hasira, na hasira ile alikuwa nayo mpaka leo, nzima kabisa.

"Nyumba ulizochora hapa Mtwara ni zipi?" aliuliza.

Faraji akainamisha kichwa kwa aibu. "Mama, huyu ni mtaalamu."

"Ndiyo maana nauliza. Fundi cherehani nisingempa kitambaa kabla sijaona gauni alilomshonea mwenzangu."

Dickson alitaja mbili, na uso wake ulionyesha kwamba swali limemchoma. Zuhura akaikunja ramani, akaitia ndani ya kanga. Mkataba akauacha mezani vile vile.

Kesho yake alikwenda kwenye nyumba ya kwanza. Mwenye nyumba aliitwa Rebeka, mwalimu kutoka Iringa, na alimkaribisha kwa furaha ya mtu aliyesubiri muda mrefu kuulizwa. Kwa mbele nyumba ilipendeza. Jiko lilikuwa ndani, limebanwa katikati ya vyumba viwili, na kuta zake zilikuwa nyeusi tii kwa moshi wa mkaa.

"Kwa hiyo unapikia wapi?" Zuhura aliuliza.

"Gereji," alisema Rebeka. "Gari hatuna, ila gereji tunayo."

Wakacheka wote. Kisha Rebeka akaacha kucheka. Alisema Dickson si mtu mbaya. Ila hakuwahi kumwuliza Rebeka anapikia nini, naye Rebeka alidhani mtaalamu anajua. Ujenzi ulipoanza, Dickson hakufika tena, kwa kuwa kwenye mkataba kazi yake ilikuwa kuchora, si kusimamia. Rebeka alipotaka jiko lihamishwe, aliambiwa mabadiliko yalikuwa ya kuombwa kabla ya kusaini.

"Mama yangu, mimi nilisaini kwanza, ndipo nikauliza," alisema. "Na karatasi zile zinasomeka vizuri. Hata hujui kwamba unachokisoma ni ukuta."

Maneno hayo Zuhura alirudi nayo nyumbani. Ni kweli, kwenye karatasi ile kona ilikuwa kitu kidogo, hata kucha inaweza kuifunika. Basi angeitoa kwenye karatasi.

Jumamosi asubuhi alimwita Shabani, fundi mwashi wa mtaani, akampa ramani na kumwambia ampimie nyumba nzima pale kiwanjani, ukubwa ule ule wa kujengwa. Shabani akapigilia vigingi na kuvuta kamba. Zuhura na wifi yake Mwanahamisi, aliyekuja na mumewe, wakamwaga majivu juu ya kila mstari, milango wakaiacha wazi. Ilipofika saa nne nyumba yote ilikuwa imelala chini, sebule na stoo na nguzo nne za Faraji.

"Wifi, umejenga nyumba ya kuku kupita," alisema Mwanahamisi, akijipangusa mikono.

"Ngoja uone atakayepita."

Faraji akafika na Dickson, maana wote wawili walikuwa wameitwa na hawakuambiwa kwa nini. Walikuta kitanda cha kamba kimewekwa ndani ya chumba cha nyuma, katikati ya kuta za majivu. Faraji akakitambua. Ndicho kitanda alichofia baba yake.

Zuhura alivua viatu, akapanda kitandani, akalala chali, akajifunika kanga mpaka kifuani.

"Nipitisheni," alisema.

"Astaghfirullah," alisema Mwanahamisi. "Zuhura, unajiitia nini?"

"Siiti kitu. Kitakuja chenyewe, niite nisiite. Ninachouliza ni njia. Faraji, shika kichwani na Shabani. Wewe Dickson, shika miguuni na mume wa wifi yangu. Na mtu asikanyage ukuta."

Faraji alitaka kugoma. Alimtazama mama yake usoni, akaona hakuna pa kugomea, akainama na kushika. Walimwinua. Walitoka mlangoni wakiwa wamebanana, mabega yakigusana, wakaingia kwenye korido, wakapiga hatua nne. Kwenye kona wakasimama.

Walijaribu kugeuza kushoto, Shabani akawa karibu kuingia stoo kupitia ukutani. Wakarudi nyuma, wakajaribu tena. Barabarani watu walikuwa wameanza kusimama kutazama.

"Tukikiinamisha upande kidogo, kitapita," alisema Dickson, jasho likimtoka.

"Nikiwa hai mnaniinamisha upande," alisema Zuhura akitazama mbingu. "Nikiwa maiti mtanisimamisha, niende kwa miguu?"

Upande wa kichwa, Faraji aliinama karibu na sikio lake.

"Mimi ndiye niliyekuwa nje ya dirisha," alisema Faraji. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimpokea baba. Miguu yake ilinipiga hapa kifuani." Alikuwa na miaka kumi na tisa siku ile, na kwa miaka tisa hakuwahi kulitamka. Sasa Zuhura aliuelewa ule wazimu wa nguzo nne. Mtoto alitaka nyumba isiyofanana hata kidogo na ile, akatazama mbele tu na kusahau nyuma.

Moyo ulimuuma. Hakushuka.

Faraji akanyoosha mguu, akaupangusa ukuta wa stoo. Akapangusa na wa chumba cha kulia chakula, chumba ambamo ingekaa meza na watu wangeendelea kula mkekani. Majivu yakapanda juu, na kutoka kitandani mpaka barabarani pakawa peupe.

"Tumekuelewa, mama," alisema. "Shuka sasa."

"Nimefika nje?"

"Bado."

"Basi sishuki."

Wakampeleka. Walikwenda moja kwa moja, bila kugeuza wala kuinamisha, wakapita sebuleni, wakapita mlango wa mbele, wakapita katikati ya nguzo mbili za majivu mpaka ukingoni mwa barabara, ambako mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani aliwapisha bila kujua anapisha nini. Walipoweka kitanda chini, Zuhura akaketi, akajifunga kanga yake vizuri na kumnyooshea Dickson mkono amwinue.

Dickson, majivu mpaka magotini, akadhani anataka kalamu. Akaitoa mfukoni, akampa.

Zuhura akamrudishia kalamu, akaichukua ramani kwa Shabani, akampa nayo.

"Chora wewe kwanza," alisema. "Mie nitasaini mwisho."