Bima ya Bi Odessa

...na maji bado yanatoka, sijui blanketi moja la viraka linawezaje kumeza maji kiasi hiki, tunalikamua tangu nilipoingia na bado yanachuruzika ndani ya beseni la kuogea, Bi Odessa ameshika ncha ya kule na mimi ya huku, yeye anazungusha kwake na mimi kwangu, kaza Corinne, ananiambia, kaza mwanangu, na mimi nakaza, vidole vimekufa ganzi, umeme umezimwa jengo zima na joto limekwenda nao, nje theluji, Toledo ya Januari, bomba la ghorofa ya juu limepasuka kwa baridi na dari yake imeshuka yote kitandani, bahati alikuwa kwa binamu yake, kila mtu anasema bahati, hata yeye, anasema bahati ya pili ni wewe Corinne, ulivyonisumbua na ile bima mpaka nikaichukua, ningekuwa wapi leo... nami nikatazama vigae vya ukuta, vigae vya kijani, mimi ndiye msimamizi wa majengo haya, niliahidi kuvibadilisha na sikuvibadilisha, ningekuwa na aibu ya vigae tu ningelala vizuri.

Hili ni la Verlene, anasema, marehemu dada yangu, tulilishona tukiwa tumenuniana majira yote ya baridi, tumekaa meza moja bila kusemeshana, tazama, viraka vya kwangu vimenyooka na vya kwake vinakwenda upogo, alifanya makusudi. Anacheka. Chumbani nyuma yake godoro limevimba, cherehani iko chini ya kipande cha dari, na anacheka, kwa sababu anaamini vitalipwa, hicho ndicho kicheko chake, anacheka kwa kuitegemea bima yangu... na haitamlipa hata sindano.

Kiangazi kile kampuni mpya iliponunua majengo, watu wa mbali ambao sijawaona ila kwenye kompyuta, wakaleta sharti, kila mpangaji awe na bima, asiye nayo aingizwe kwenye mpango wao, gharama ipandishwe juu ya kodi, anayekataa ahame, na kwenye mafunzo ya mtandaoni mwanamke aliyetufundisha akasema kama mtu anayepita tu njia, mpango wetu unalinda jengo, mpangaji akituharibia tunalipwa, vitu vyake mwenyewe havihusiki, hilo msilichimbe sana na wapangaji, na sisi wasimamizi wote kila mtu kwenye kidirisha chake tukaitikia kwa vichwa, mimi nilikuwa napaka siagi kwenye mkate, naikumbuka siagi ile, yaani nilisikia, siwezi kusema sikusikia.

Na Bi Odessa hata hakuuhitaji, alikuwa na bima yake mwenyewe, ya kweli, ya mzee Hollis wa kanisani kwake, miaka na miaka, ila Hollis hajui barua pepe, kila uthibitisho wake unachelewa, kampuni inanipigia, nafasi nyekundu kwenye jedwali langu ni ya Bi Odessa tu, nikachoka, nikapanda ngazi nikamwambia achana na Hollis, ingia kwetu, inakatwa pamoja na kodi, hutasumbuka tena. Akavua miwani, akaniuliza, na vitu vyangu vimo? Kitanda, cherehani, vyote? Nikamwambia, umo, Bi Odessa, umo kabisa. Umo. Aliuliza vimo nikajibu umo, na nikishuka ngazi nilijiona mjanja, Mungu wangu, nilijiona mjanja kwa mwanamke aliyempunguzia binti yangu gauni la kuhitimu shule na akakataa hata kikombe cha kahawa... Kampuni wakatuma keki, jengo letu limeingia lote, picha yangu na keki ikatumwa kwa wasimamizi wote, nimetabasamu mpaka magego.

Cherehani nitachukua ileile, anasema, ya chuma, wasiniletee hizi za plastiki, unadhani watanibishia? Nikasema sijui, Bi Odessa. Hilo angalau ni kweli, hapana, si kweli, najua. Lakini kesho atapiga ile namba, atasubirishwa na muziki, kijana wa simu atamwambia, kijana asiyemjua, na mimi nitakuja juu nikiwa na mshangao usoni, nitasema hata mimi wamenidanganya, tutawatukana pamoja, atanikumbatia, nimeshaupanga mshangao wangu, nimeujaribu kwenye kioo cha gari asubuhi hii, nyusi juu, mkono kifuani... kioo kikanitazama.

Maji yanapungua, yanatoka matone sasa. Unajua Fadwa wa mlango unaotazamana na wangu, anasema, alivyokuwa mbishi, alitaka kuigomea bima yenu, ana mashaka na kila karatasi yule, nikamwambia tia sahihi, dada, Corinne hasemi uongo. Akatia. Akalitikisa blanketi kidogo, akatafuta pa kushika upya, anasema, niliapa kwa jina lako.

Kwa jina langu. Kwa hiyo uongo wangu ulivuka korido bila mimi, umevaa sura ya Bi Odessa, na kesho kijana wa simu akishasema nitakuwa na nyusi zangu na yeye atabaki na Fadwa, atamtazama vipi Fadwa, na mimi hapa kumbe sijawahi kumwonea huruma hata mara moja tangu niingie, nimejionea huruma mimi, nimekuwa nikijificha nyuma ya blanketi la watu...

Bi Odessa, nikasema, ile bima haitakulipa. Ni ya jengo. Vitu vyako haikuvihesabu tangu mwanzo.

Mikono yake ikasimama. Hakuiachia ncha yake. Natamani angeiachia.

Ulijua?

Nilijua.

Nilipokuuliza, siku ile, ulikuwa unajua?

Ndiyo.

Akanitazama, si kwa hasira, hasira ningeipokea, alinitazama kama mtu anayesoma jina mlangoni kuhakikisha kama amefika kwenye nyumba aliyodhani, na mimi sikutazama vigae. Kisha akatazama chumbani, godoro, dari. Na Fadwa, akasema, naye hivyohivyo? Naye, nikasema, na jengo zima. Nje gari la theluji likapita likikwangua barabara. Basi tukishalianika hili, akasema, utaanza na mlango wake, utamwambia kwa mdomo wako, na mimi nitasimama hapo nisikie.

Akaanza tena kuzungusha, nami nikazungusha, matone mawili matatu, kampuni watanifukuza wiki hii, wafukuze, sasa natafuta maneno ya Fadwa, na kila ninaloanza nalo ni la kampuni, mpendwa mpangaji, tunasikitika, kwa mujibu wa, nalitupa, naokota jingine, nalo ni lao, nalitupa, natafuta la kwangu, lazima lipo.