Mapera Yaliyopitia Motoni kwa Elkanah

Mwaka wa 1966 shule yetu ya bweni pale Homa Bay ilitafuta mtu wa kuiuzia matunda, kwa maana fizi za wanafunzi zilikuwa zikitoka damu. Waliojitokeza ni wawili: Nashon wa Rangwe, mwenye michungwa, na Rispa wa kisiwa cha Mfangano, mwenye mapera. Bwana Ogeto, mwalimu wa kemia, akasema hatachagua kwa macho. Atapima vitamini C, na tunda litakaloshinda ndilo litakalonunuliwa.

Rispa aliitaka kazi hiyo sana. Kila msimu mapera yake yalioza chini ya miti, majirani wakimcheka. Akachagua yaliyo bora, akamkabidhi mumewe, Elkanah, ayavushe ziwa.

Elkanah alikuwa mkausha samaki hodari, na alijua, kama kila mtu kisiwani, kwamba kitu cha safari hakisafiri kibichi. Mashua ilipochelewa, akayapasua mapera, akayapaka chumvi, akayapanga juu ya moto wa kuni.

Mimi, karani wa shule, ndiye niliyeshika chupa. Ogeto alieleza kwamba maji ya tunda lenye vitamini huifuta rangi ya buluu ya dawa yake. Yalipodondoshwa maji ya chungwa la Nashon, buluu ikatoweka. Mapera ya Elkanah ilibidi kwanza yalowekwe. Ogeto akadondosha, akadondosha tena, mpaka chupa ikakaribia kujaa; buluu ikabaki pale pale. Paka wa jikoni akaingia, akaketi chini ya meza.

Nashon akashauri kwa upole tuangalie kama yana miiba ya samaki kabla ya kuendelea.

Ogeto akasema moto umeiua vitamini. Elkanah hakukubali kwamba kazi yake ina kasoro.

"Mwalimu, umepima kitu haiko," alisema. "Pima chumvi."

Hapo Rispa akaingia na kapu la mapera yake aliyokuwa akiyapeleka sokoni. Alikuwa amevuka kwa mashua iliyofuata. Alinusa kabla ya kusalimu.

"Baba Otieno," alimwambia mumewe, "umenikaushia mapera kama samaki ngege?"

"Kwani yameoza?"

Rispa akaweka mapera mabichi mbele ya Ogeto. Nashon alidai mashindano yamekwisha, lakini Ogeto akasema kilichopimwa awali hakikuwa tunda tena. Akadondosha. Buluu ikatoweka upesi kuliko kwa chungwa.

Rispa akapewa kazi. Tangu hapo mapera yalivuka ziwa Elkanah akipiga kasia, na Rispa ameketi juu ya kifuniko cha kapu.