Ndama wa Kalama

Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025. Alfajiri Malindi ilipata manyunyu, kisha mawingu yakabaki yametanda bila mvua, na upepo wa kusi ukavuma kiasi cha kutingisha mabati ya chumba changu. Nilipiga magoti kando ya kitanda kama ilivyo desturi yangu. Niliwaombea kwanza wagonjwa wa kanisani, kisha nikamwambia Mungu kwamba saa nane mchana nitafanya mtihani wa sheria ya mikataba kwa mara ya tatu, na kwamba chuo hakimpi mtu nafasi ya nne. Anayeanguka mara ya tatu huondolewa katika masomo. Mungu alikuwa anayajua hayo, lakini nimefundishwa kutaja.

Mimi ni fundi cherehani. Kwetu ni Machakos, ila nimekaa Malindi muda mrefu kuliko nilivyokaa Machakos. Mchana nashona sare za shule katika duka la vitambaa la Fatmabai, na jioni nasoma sheria pamoja na watu ambao wengi wao ningeweza kuwazaa.

Kilichonishinda katika somo hilo kilikuwa kitu kimoja. Sheria inasema ahadi haimfungi mtu mpaka yule aliyeahidiwa naye atoe kitu kwa ajili ya ahadi hiyo. Mwalimu Ngowa, anayetufundisha, hukiita kitu hicho badala. Lazima badala itolewe kwa sababu ya ahadi. Kama tendo lilikwisha kufanyika kabla ahadi haijatamkwa, tendo hilo si badala, hata likiwa jema namna gani.

Sasa, katika ushirika wetu wa kanisani wa kila Alhamisi mambo huenda kinyume chake. Mtu akitendewa wema, husimama mbele ya wenzake, humtaja aliyemtendea, kisha hutamka atakachomfanyia. Tunaita shukrani. Wema hutangulia na ahadi hufuata, na hakuna ahadi tunayoiheshimu kuliko hiyo. Nimeona mtu akiuza baiskeli yake ili aitimize.

Kwa hiyo kila mtihani ulipoleta swali la namna hiyo, nilijibu kama mtu wa ushirika. Mara ya kwanza ilikuwa nyumba iliyoshika moto, jirani akauzima, na baadaye mwenye nyumba akaahidi kumlipa. Mara ya pili ilikuwa mtoto aliyepotea akarudishwa kwao. Mara zote mbili niliandika kwamba aliyeahidi sharti atimize, kwa kuwa ametamka mbele ya watu na Mungu amesikia. Msahihishaji alipitisha kalamu nyekundu juu ya maneno hayo na kuandika pembeni: Sheria iko wapi?

Trizah ndiye aliyeamua kunifundisha. Ni msichana wa mapokezi katika hoteli moja hapa mjini, na darasani tunakaa benchi moja. Tangu mwezi wa tano, kila alipotoka zamu alipita dukani, akakaa juu ya robota la vitambaa na kunihoji huku nikishona. Hakuniomba kitu, wala mimi sikumwahidi kitu. Siku ya mtihani alikuja asubuhi, akiwa bado amevaa sare ya hoteli.

"Mama Kavata, nyumba imeungua. Umshauri jirani."

"Jirani ana haki," nikasema.

"Kwa sheria ipi?"

Nikaingiza mkono wa shati chini ya sindano. Fatmabai alikuwa mezani kwake akikata kitambaa cha sketi. Ni mama wa makamo ya kupewa shikamoo na kila anayeingia, na masikio yake hayazeeki.

"Huyo jirani," akasema, "alipokuwa akimwaga maji, alikuwa ameahidiwa?"

"Bado, Fatmabai," Trizah akamjibu. "Ahadi ilikuja moto ulipokwisha zimika."

"Basi aliuza nini? Leo nikikupa kitenge cha zawadi, kesho nikuletee risiti?"

"Lakini mwenye nyumba aliahidi," nikasema.

"Aliahidi. Asipotimiza ni mtu ovyo, nami simkaribishi dukani kwangu. Lakini mtu ovyo si lazima awe mdaiwa." Akaendelea kukata. "Na wewe wakili, hiyo mikono ya mashati itajishona?"

Trizah akacheka, akanigeukia. "Umesikia? Swali haliulizi kama mtu ni mwema. Linauliza kama hakimu anaweza kumlazimisha."

"Nimesikia. Nikiandika kwamba hana lazima, naona kama nimemruhusu."

"Unaandika mtihani, mama. Huandiki mahubiri. Suala, kanuni, uiweke kanuni juu ya mambo yaliyotokea, kisha hitimisho. Ukimaliza hitimisho, weka kalamu chini. Balaa lako huanzia hapo. Hitimisho limeisha, wewe bado unasema."

"Na kama kuna jambo limebaki?"

"Libaki."

Nilimaliza mashati. Fatmabai aliniruhusu niondoke saa nne na akanifungia andazi katika karatasi, akisema mtu mwenye njaa husoma swali nusu. Trizah nami tulifika mapema Kilifi, kwenye kituo cha mtihani. Yeye alikaa kivulini kusoma. Mimi nilizunguka nyuma ya jengo, nikasimama karibu na tangi la maji na kuomba mara ya mwisho. Nilisema: Bwana, ikiwa kuandika kama wanavyotaka ni dhambi, uzuie mkono wangu. Sikusikia kitu zaidi ya bomba lililokuwa likivuja.

Swali la kwanza lilikuwa la tangazo la duka. La pili lilikuwa la mtoto aliyenunua pikipiki. Niliyajibu. La tatu nalieleza hapa kwa maneno yangu, maana mtihani ni wa Kiingereza.

Kalama ni mkulima wa Ganda. Siku moja akiwa sokoni, ng'ombe wake mwenye mimba alitumbukia katika kisima cha zamani. Jirani yake, Jefwa, alimwona, akaleta kamba na vijana, wakamtoa akiwa mzima. Jioni Kalama aliporudi, alimwambia Jefwa mbele ya majirani: "Kwa wema ulionitendea, ng'ombe akizaa, ndama ni wako." Ng'ombe akazaa. Kalama akamuuza ndama kwa mtu mwingine. Umshauri Jefwa kama ana haki ya ndama.

Niliweka kalamu chini, nikalisoma swali mara ya pili polepole, kama ninavyosoma zaburi. Nilitaka Jefwa ashinde. Trizah alikuwa amenifundisha kwamba kuna upenyo: ikiwa mwenye mali ndiye aliyeomba msaada, na wote wawili walielewa tangu mwanzo kwamba msaada utalipwa, basi ahadi ya baadaye inaweza kushika. Nikamtafuta Kalama akiita. Hakuita. Alikuwa sokoni, hakujua hata kama kisima kimefunguka. Nikatafuta kama Jefwa alitarajia malipo. Swali lilisema ni jirani tu, amepita, ameona.

Nikaandika suala. Nikaandika kanuni. Nikaeleza upenyo, na kwa nini Jefwa hapiti ndani yake. Halafu nikaandika hitimisho: Kalama hana wajibu wa kisheria wa kumpa Jefwa ndama, na Jefwa asipoteze muda wake mahakamani.

Mkono wangu haukuzuiwa.

Sentensi ya kuongeza ilikuja yenyewe, ile ya Mungu kusikia. Nilikuwa naijua yote, hata mahali pa kuweka nukta. Msimamizi alikuwa akitembea kati ya madawati, viatu vyake vikilia. Nikaruka mstari mmoja, nikauacha mtupu, nikaanza swali la nne.

Nje, Trizah aliniuliza jambo moja tu. "Ndama?"

"Hapati."

"Na Kalama umemwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

Alinishika bega, tukaenda kutafuta chai.

Majibu yalikuja mwezi wa kumi. Mwalimu Ngowa aliyasoma darasani, katika chumba chetu cha ghorofani hapa Malindi, juu ya duka la dawa, feni ikizunguka upande mmoja. Nilikuwa nimepita. Haikuwa alama ya kupigiwa vigelegele, lakini ilitosha, na nilibaki chuoni. Mwalimu alisema jibu langu la tatu lilikuwa fupi kuliko alivyonizoea. Mwenda, ambaye ni polisi na hukaa nyuma yetu, akasema labda wino uliniishia.

Wenzangu walipoanza kukusanya vitabu, nilisimama. Sikuwa nimepanga. Nilisimama kama ninavyosimama Alhamisi, mikono ikiwa mbele.

"Mwalimu, naomba dakika moja," nikasema. "Nina shukrani. Trizah amenifundisha miezi mitatu bila kuniomba kitu. Nataka kumwahidi jambo, nanyi muwe mashahidi."

Trizah akaniangalia kwa wasiwasi. "Mama, kaa chini. Umekwisha fundishwa."

"Kavata," Mwalimu Ngowa akasema, akivua miwani. "Wema huo umekwisha pita. Badala iko wapi?"

"Haipo, mwalimu."

"Kwa hiyo ukishaahidi, yeye atakuwa na nini mkononi?"

"Kisheria hana kitu. Nimeandika hivyo Kilifi, mkanipa alama."

Darasa likacheka. Mwenda akamgusa Trizah begani. "Asipotimiza, dada, usije kwangu kituoni. Sitafungua faili."

"Sitakuja," Trizah akasema. Alikuwa ameacha kufunga mkoba wake.

Mwalimu alivaa miwani tena, akakaa. "Haya. Sisi ni mashahidi. Sema."

Nikamgeukia Trizah, nikasema kwa sauti ya kumfikia hata aliyekuwa mlangoni: "Trizah, siku utakapokubaliwa kuwa wakili, joho lako nitalishona mimi kwa mikono yangu, na kitambaa kitakuwa changu."