Umri wa Dada

Dada yangu ni msusi, na tangu afungue saluni umri wake umegoma kupanda. Wateja wake wote wanajua ana miaka thelathini na tatu. Mimi mdogo wake, tumbo moja, nina thelathini na nane, na nimeshazoea kuulizwa kama mimi ndiye mkubwa. Tuliyachekea hayo miaka yote, mpaka alipoamua kunipa mayai yake.

Mayai yangu mimi yalikwisha mapema. Daktari wa kliniki ya uzazi alisema mji wa mimba ni mzima na unaweza kubeba mtoto vizuri, ila yai litoke kwa mwingine. Mimi na mume wangu tulikuwa na uwezo wa kujaribu mara moja tu. Dada aliposikia hakuniacha hata nimalize. "Yangu yapo. Nimezaa watatu bila hata kukohoa." Muongo huyo, wa pili alitukesheza hospitali ukoo mzima. Lakini siku hiyo nilimpenda kuliko siku zote.

Tukaenda. Kumbe nesi aliyekaa na daktari ni mteja wake, na nywele alizokuwa nazo kichwani dada ndiye aliyemsuka juzi. Dada alipomwona akanyoosha mgongo. Nikajua tumekwisha.

"Una miaka mingapi, dada?" daktari akamuuliza.

"Thelathini na tatu," akajibu bila kupepesa macho.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akauvuta.

Daktari akafurahi, akasema huo bado umri mzuri. Kisha akanigeukia. "Wewe uliniambia una thelathini na nane. Sasa mkubwa ni nani hapa?"

Nesi akatutazama kwa zamu.

"Mimi," dada akasema. "Huyu aliwahi kukomaa tu."

"Na kuzaliwa pia aliwahi?" daktari akauliza, uso mkavu.

Akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, nayo yanazeeka pamoja naye, hata ngozi ikiwa laini namna gani. Akishapita arobaini, mengi yanakuwa na hitilafu: mimba haishiki, au inashika halafu inatoka. Lakini yai la binti wa miaka ishirini na kitu likipandikizwa kwangu, umri wa kuangalia zaidi ni wa yule binti, si wangu.

"Kwa hiyo nikikuuliza umri sikutafutii mchumba," akamwambia dada. "Mdogo wako ana nafasi moja."

Dada akamtazama nesi, akatazama mikono yake mwenyewe. Saluni nzima ingejua kabla ya jioni. Nesi yule namfahamu, mdomo wake hauna mlango.

"Arobaini na nne," akasema. "Mwezi ujao arobaini na tano, kama mnataka yote."

Nesi akainamisha macho, na kwa kweli hapo nilimheshimu. Daktari akampa dada pole, akasema yai lake asingethubutu kulitegemea. Kliniki ilikuwa na binti wa miaka ishirini na sita, mwenye afya, aliyekubali kutoa. Tukafikirie.

Tukatoka tukaketi kwenye benchi la korido. Nilidhani nitalia mimi, kumbe yeye ndiye aliyeanza, wanja ukamtiririka hadi kidevuni. Nikamwambia bado ni mrembo kwa umri wake. Akanipiga begani.

"Tangu utotoni kila kitu chako kilianzia kwangu," akasema. "Magauni, viatu, sare za shule. Nilitaka na huyu mtoto aanzie kwangu."

Hofu yangu ilikuwa hiyohiyo: nimzae mtoto, nimtazame, nisione sura ya mtu yeyote wa kwetu. Tukakaa tumeshikana mikono, wagonjwa wanatupita.

"Wako wote watatu wana sura ya baba yao," nikamwambia mwishowe. "Kwako wamechukua kelele tu, na kelele mtoto anafundishwa nyumbani."

"Nitamfundisha," akasema, akivuta kamasi.

"Najua. Basi dada, safari hii niache nivae kipya."

Alicheka huku analia, akanisukuma niinuke. Nikarudi ndani peke yangu, nikamwambia daktari nimemkubali yule binti.