Uchafu wa Taya

Mimi nina mdomo, najua. Marehemu baba yangu, aliyekuwa akiuza vitenge pale Mwanjelwa, alikuwa akisema Mwanakhamisi akinyamaza mjue anaumwa. Basi Jumatano ile sikuwa naumwa hata kidogo, na Daktari Liberatus, mkubwa wangu kazini, aliyapata ya kumtosha. Tena nasema wazi, sijutii.

Kazi yangu ni ufundi wa vipimo katika idara ya fiziolojia, chuo kikuu, hapa Mbeya. Mtu akija kwenye utafiti, mimi ndiye ninayemvika kofia ya nyaya, nampaka jeli kichwani, namwambia atulie, halafu mashine inachora mawimbi ya ubongo wake. Mwaka wa kumi na nne huu. Ukinionyesha mchoro naweza kukuambia huyu kapepesa macho, huyu kasinzia, huyu ana njaa. Hilo la njaa natania, lakini kidogo tu.

Utafiti wenyewe ulihusu wanawake wanaolima mpunga Usangu. Daktari alitaka kujua kama dawa za kuua magugu, wanazonyunyiza bila hata kujifunga kitambaa usoni, zinapunguza kasi ya ubongo. Swali zuri, sikatai. Tuliwaleta wanawake thelathini kutoka Ubaruku, huko huko Usangu, na wengine thelathini wauza nguo na mboga wa hapa mjini wa kulinganisha nao. Kila mmoja anakaa kitini peke yake, sisi tuko chumba cha pili na mashine, anavaa hedifoni, anasikia sauti ikisema "Bonyeza!", anabonyeza kitufe. Mara sitini. Hamna kingine.

Majibu yakatoka. Wa mjini walibonyeza ndani ya theluthi ya sekunde. Wa Usangu, karibu sekunde nzima. Lo! Daktari alifurahi mpaka akatununulia chipsi mayai idara nzima. Habari ikaandikwa ipande kwenye tovuti ya chuo siku ya Ijumaa: dawa za mashambani zapunguza kasi ya ubongo kwa wanawake wa Usangu. Redio mbili zilishapiga simu, moja ya hapa na moja ya Iringa, kwao daktari, na mwenyewe alikuwa ameshanyoa ndevu kabisa.

Jumatano asubuhi nikamkuta Kashindye nje ya maabara. Nilimkumbuka vizuri, mmoja wa wale thelathini, mama wa Kisukuma wa miaka kama ishirini na tisa hivi, mabega mapana, kicheko cha karibu. Siku hiyo kicheko hakikuwepo. Kwenye benchi la mbali, ameupa ukuta uso wake, alikaa mzee mwenye koti zito. Alikuwa Mzee Bujiku, mwenyekiti wa kikundi chao cha wakulima, ambaye pia ni baba mkwe wa Kashindye.

"Kulikoni tena?" nikamuuliza Kashindye, nikamwingiza ndani.

"Dada, eti mimi ubongo umeharibika." Aliongea akiwa amesimama. "Daktari amempigia baba simu. Sasa baba amenileta daktari aniambie mwenyewe, maana kwa mila yetu mtu na mkwewe hatukai tukaongea. Akishaniambia, ninaondolewa kwenye kombaini, anapewa shemeji yangu Jailos."

Kombaini ni ile mashine kubwa ya kuvunia mpunga. Ya kikundi ni moja tu, na Kashindye ndiye dereva wake.

"Misimu mitatu naiendesha mimi," akasema. "Sijagonga tuta, sijazama kwenye mfereji. Jailos hata baiskeli inamshinda! Mashine ile ndiyo imenifanya niwe mtu pale, dada. Nikishuka nimekwisha." Akalia, tena kwa hasira, anajifuta kwa mkono kama anayejipiga makofi.

Hapo nikaanza kuchemka. Kwanza, majibu ya mtu anaambiwa mwenyewe, haambiwi mkwewe. Pili, huyu dada hakufanana na mtu mwenye ubongo wa kusuasua. Macho yake yalikuwa yameshaona kila kitu mle chumbani kabla sijavuta kiti. Nikamwambia akae, nikafungua rekodi yake kwenye kompyuta. Sikufungua ile niliyoisafisha, nilifungua ile mbichi, jinsi mashine ilivyoichora siku ile.

Na hapo ndipo nilipoona aibu yangu. Kila baada ya "Bonyeza" kulikuwa na fujo nene, mistari imesimama kama manyoya ya paka aliyekasirika. Hiyo ni misuli ya taya. Mtu akitafuna au akiongea, taya hupiga kelele juu ya mawimbi ya ubongo, na sisi mafundi kelele hiyo tunaiita uchafu, tunaifuta. Nilikuwa nimeifuta kwa wanawake wote thelathini wa Ubaruku, nikajisifu kwa kazi safi. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini wa mjini hawakuwa nayo.

Chini ya uchafu ule, wimbi la kusikia lilitokea sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya sauti. Sawasawa kabisa na la wa mjini. Ubongo wake ulisikia papo hapo. Kilichongoja ni mkono.

"Kashindye, siku ile kwenye kiti ulikuwa unatafuna nini?"

"Sikutafuna kitu, dada."

"Uliongea?"

"Mlisema tusiongee. Sikuongea. Nilikuwa naitika tu."

"Ukimwitika nani?"

Akanishangaa kama niliyemuuliza jina la mama yake. "Si baba? Baba ananiambia bonyeza, nami nibonyeze tu kimya kama mbuzi? Nasema abee, baba, ndipo nabonyeza. Kuitika siyo kuongea, dada."

Nikajishika kichwa. Ile sauti! Daktari alikwenda Ubaruku na kinasa sauti chake akamrekodi Mzee Bujiku makusudi, eti wanawake wasikie sauti ya mtu wao wasiogope. Kwa wauza mboga wa Mbeya ile ilikuwa sauti ya mzee fulani ndani ya mashine, wakabonyeza zao. Kwa wanawake wa Ubaruku ilikuwa sauti ya baba. Tena kwa huyu mmoja ilikuwa sauti ya baba mkwe hasa. Hata mimi, mama akiniita nikaenda bila kusema abee, nilirudishwa mlangoni nianze upya.

Sikubisha hodi kwa daktari. Nilimkuta anasoma ile habari ya Ijumaa, amevaa tai.

"Hiyo futa," nikamwambia.

"Mwanakhamisi, shikamoo haipo leo?"

"Ipo, utaipata baadaye. Futa kwanza." Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akanisikiliza, akatabasamu lile tabasamu lake la mtu aliyesoma Tosamaganga mpaka ng'ambo.

"Takwimu hazidanganyi, mama."

"Hazijadanganya! Umepima heshima ukaiita ugonjwa. Ukiitangaza hiyo Ijumaa, wanawake thelathini wataitwa wagonjwa wa akili kijiji kizima, na mmoja wao atashushwa kwenye mashine kwa sababu umemwambia baba mkwe wake siri ambayo ni yake. Nani alikupa ruhusa hiyo?"

Tabasamu likaondoka. Akavua miwani, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Uchafu wa taya upo kwa wote thelathini?"

"Wote. Niliyeufuta ni mimi. Hilo ni kosa langu, nalibeba. Lako libebe wewe."

Nampa haki yake, Liberatus ni mbishi lakini si mwongo. Alinyanyuka, akavua tai, akaja maabara. Alimwomba Kashindye msamaha kwa kutoa majibu yake, halafu akaniambia niondoe sauti ya mzee, niweke mlio mtupu, piii, usio wa baba wa mtu yeyote.

Nikamvika Kashindye kofia. Nikakagua kila waya mara mbili, kwa sababu kuamini ni jambo moja na kuona ni jingine. Mlio wa kwanza, akabonyeza. Wa pili, wa tatu. Taya limetulia tuli. Alipomaliza mara sitini, kompyuta ikatoa jibu: robo ya sekunde. Alikuwa amewapita karibu wote wa mjini. Nilijaribu na mimi baadaye, akanipita pia, nikasema kitufe kibovu.

Daktari akampigia simu binti wa tovuti, Yasmini, akamwambia habari isipande. Wanawake wote watapimwa upya kwa mlio. Kama dawa zile zinadhuru, tutajua, na tutasema. Kwa sasa hatujui, na kutojua si dhambi.

Tukatoka nje wote watatu. Mzee Bujiku akasimama. Nikamwamkia, daktari akamwomba radhi yeye naye, na Kashindye mwenyewe akaniruhusu nimweleze. Akasikiliza mkono uko kidevuni.

"Kwa hiyo alichelewa kwa kuniitika mimi?"

"Mara sitini, mzee."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikaa tena kwenye benchi, taratibu.

"Msimu uliopita," akasema akitazama chini, "Saulo, kibarua wetu, aliinama mbele ya mashine kuokota panga. Mimi nikaita, simama! Mashine ikaendelea. Hatua mbili, tatu. Saulo alijirusha mwenyewe. Tangu siku hiyo silali nikamaliza usingizi. Daktari aliposema ubongo, nikajua ndiyo hiyo." Akageuza kichwa kidogo upande wa mkwewe, bila kumtazama. "Siku ile ulifanya nini?"

Kashindye alikuwa ameinamisha uso. "Niliitika, baba. Ndipo nikakanyaga breki."

Nilifikiri basi, yote tuliyoyapigania asubuhi ile yamemwagika pale pale.

"Kwenye mashine usiniitikie," akasema mzee. "Nikisema simama, simama. Heshima yangu utanipa ukishazima."

Kashindye akanyanyua uso, akamtazama baba mkwe wake machoni. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Nimesikia, baba. Lakini na wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu, unanikwepa kwa kuwa mimi ni mkweo. Nyuma kuna kelele za injini, na mimi nyuma sioni. Ukitaka nisimame, njoo mbele, mahali ninapokuona, unyooshe mkono. Dereva ni mimi."

Daktari akaangalia viatu vyake. Mzee Bujiku akavuta koti lake, akakohoa.

"Naam," akasema.