Plasta Kwenye Pembe ya Skrini

Chuoni pale walimwita Bibi Hapana, naye akaitika. Ukimletea flashi uliyoiokota koridoni, hapana. Ukitaka neno la siri la mwenzako aliye likizo, hapana. Alikuwa fundi wa kompyuta wa chuo cha wakunga, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na wa kumtoa jasho alikuwa mmoja tu: dada yake wa tumbo moja, mkuu wa chuo. Hakuna bosi mgumu kama yule aliyewahi kukubeba mgongoni.

Ugomvi wao ulihusu video za marehemu mama yao. Mama alikuwa mkunga aliyefundisha wakunga, na kabla hajafariki alirekodiwa akimpokea mwanasesere wa mpira kama mtoto anayezaliwa, anaeleza kila hatua kwa sauti yake ya taratibu. Video zenyewe zilikuwa za kizamani. Hazikucheza mpaka ziwe na plagini, kile kipande cha programu kinachopachikwa kwenye kivinjari ili picha ionekane, na plagini ile ilikuwa na tundu. Mwanafunzi akifungua ukurasa wenye video iliyotegwa, mtu asiyejulikana anapenya palepale na kuingia kwenye kompyuta bila hodi. Walioitengeneza walikwishatoa kiraka cha kuliziba. Shida ni kwamba plagini ikishatiwa kiraka haizitambui tena video za mama.

"Niachie mwezi mmoja nizirekodi upya kwa mtindo wa kisasa," Bibi Hapana alimwambia dada yake. "Darasa la kompyuta lifungwe mpaka nimalize, basi."

"Subiri kwanza," alijibu Mkuu. Huyo ndiye aliyewafundisha wanafunzi, muhula baada ya muhula, habari za ufa na ukuta.

Onyo la kuweka kiraka likawa linajitokeza kila mara kwenye pembe ya chini ya skrini, na wanafunzi wakaanza kuuliza ni nini hicho. Mkuu akatoa dawa yake mwenyewe. Alichukua plasta ya wodini, ile nyeupe pana, akabandika kipande kwenye pembe ya kila skrini. Watu waliofundishwa kwamba kidonda husafishwa kwanza ndipo kifungwe walipita hapo kila siku na hakuna aliyesema kitu. Bibi Hapana alicheka siku ya kwanza. Baada ya hapo alikasirika, na hasira yake haikuwa ya kupoa.

Tangu plasta zibandikwe, wanafunzi nao walipata ugonjwa wao. Kwenye mazoezi, mkono wa kulia ulikipokea kichwa cha mwanasesere vizuri kabisa, lakini wa kushoto uliachwa unaning'inia kama mkono wa shati kwenye kamba.

"Kwani hamuangalii video?" Mkuu aliwafokea.

"Tunaangalia, Mkuu. Tunafanya vilevile."

Aliwaona vichwa maji, akawarudisha wakaangalie tena.

Asubuhi ya kuja wageni kutoka makao makuu, Bibi Hapana aligundua kwamba kompyuta ya karibu na dirisha, ambayo haikuwa na mtu, ilikuwa ikibisha kwenye kompyuta ya kliniki iliyo ng'ambo ya ua. Ilijaribu neno la siri moja, ikakataliwa, ikajaribu jingine. Mle kliniki mlikuwa na mafaili ya kina mama: nani ana ugonjwa gani, nani ana mimba ambayo mumewe haijui. Walisema mambo hayo kwa sababu waliambiwa hayatatoka nje. Aliichomoa ile kompyuta na kwenda moja kwa moja ofisini kwa dada yake.

"Dada, kuna mtu kaingia. Kapitia pale pale kwenye video za mama."

"Kaiba nini?"

"Bado. Anagonga kwenye mafaili ya kliniki, na sijui kashika kompyuta ngapi. Nafunga darasa lote, naiondoa ile plagini."

"Wageni wako getini, mdogo wangu. Wamekuja kumwona mama akifundisha. Nipe leo tu, kesho fanya utakavyo."

"Na wale wazazi tuwaambie siri zao zisubiri kesho?"

"Mkuu hapa ni mimi."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukuambia. Kuomba sikuja."

Alipofika darasani, video ilikwisha kuanza na wageni walikuwa wakiingia nyuma ya Mkuu. Hakusalimu. Alipiga magoti chini ya meza ya mwalimu, akaushika waya mkuu wa mtandao na kuuvuta. Kwenye kila skrini mama aliganda, mdomo nusu wazi.

"Unamzima mama," Mkuu alisema kwa sauti ya chini. "Mbele za watu."

Neno lile lilimchoma Bibi Hapana, na machozi yalimfika. Hakuyaacha yashuke.

"Mama alikuwa akimtoa chumbani hata mume wa mzazi, akiingia bila kuitwa," alisema, na hakupunguza sauti. "Humu kaingia mtu ambaye hakuitwa. Namtoa."

"Acha funguo mezani, uende zako."

"Nikimaliza."

Alikwenda kompyuta hadi kompyuta anaing'oa ile plagini, wageni wamesimama na mikoba yao, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Kisha alivuka ua akaikagua kliniki. Mlango ulikuwa umegongwa sana, lakini haukufunguka. Ndipo alipoziweka funguo juu ya meza ya dada yake, bila kumtazama.

Alasiri Mkuu alimkuta kwenye karakana yake. Virago vilikuwa tayari, lakini mwenyewe alikuwa ameinamia kompyuta kuukuu isiyo na waya wa mtandao wala matumaini ya kuupata. Humo plagini ya zamani haikuweza kumdhuru mtu. Alikuwa akimrekodi mama upya, somo baada ya somo. Skrini ile haikuwa na plasta.

"Na huu mwingine hapa," mama alikuwa akisema. "Mnaona?"

Mkuu, aliyezijua video zile kwa moyo na kwa hiyo alikuwa ameacha kuzitazama, aliona. Kwenye pembe ya chini ulikuwapo mkono wa kushoto wa mama, vidole vimetanda chini ya shingo ya mtoto.

"Mkono upo," alisema.

"Ulikuwepo siku zote. Umeubandika plasta, dada."

Mkuu aliketi juu ya sanduku la vifaa na kujifuta macho kwa kiwiko. "Nimewafokea watoto wa watu bure." Alikaa hapo mpaka somo likaisha. "Wageni wanataka uwaombe radhi kwa fujo ya asubuhi."

"Hapana."

"Nikikuamuru kama mkuu wako?"

"Hapana."

"Na nikikuomba kama dada yako?"

Bibi Hapana aliondoa mkono kwenye kompyuta na kumgeukia.

"Hapana, dada."

Mkuu alitoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya meza ya fundi na kuondoka. Muda si muda, kutoka darasani, ilisikika sauti ya plasta zikibanduliwa kwa kucha, moja baada ya nyingine.