Gari Hufika Gereji Likiwa Moto

Fundi hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na mashine ya kunyanyulia magari. Alikuwa na jeki mbili na shimo alilolichimba mwenyewe. Hakuwa na ncha ya kidole cha shahada, iliyobaki kwenye feni ya lori. Mke hakuwa naye tena, na kaka yake mkubwa walikuwa wamemzika miezi mitatu iliyopita. Mwandiko alikuwa nao, na mzuri, maana alisoma ukubwani, madarasa ya jioni, magoti yakikwama chini ya madawati ya watoto. Lakini alichokosa zaidi ya vyote ni pua. Ya kupengea alikuwa nayo. Ya kunusia ilikufa tangu msimu aliopiga rangi malori ndani ya banda lililofungwa madirisha. Hilo alilijua mkewe tu, aliyekuwa akimwambia chakula kikiungua. Fundi asiyenusa petroli ni kama mpishi asiyeijua chumvi, na yeye hakuwa tayari kuchekwa.

Gari la kaka yake lilifika likivutwa kwa kamba. Kaka huyo watu wote walimwita Mwalimu, hata nyumbani, na gari lile la zamani lenye usukani mwembamba kama bangili ndilo lililokuwa fahari yake. Lilikuwa limekaa miaka tisa chini ya turubai, tangu macho ya Mwalimu yaanze kufifia. Aliyelileta ni binti yake, muuguzi, aliyelirithi. Alikuwa amejenga nyumba, na alitaka kumleta mama yake aione, akiwa amekaa kiti cha mbele cha gari hilohilo.

"Mama hapandi," alisema. "Miaka ishirini na miwili bado anasema linanuka moshi. Baba mdogo, likague, halafu uniandikie karatasi kama ile uliyomwandikia baba."

"Bi Pua hajaacha tu?" Fundi alicheka.

Jina hilo alilitunga yeye. Enzi hizo Mwalimu alimpeleka mkewe kazini kila asubuhi, na kila asubuhi mke alilalamika kwamba gari linanuka moshi na kichwa kinamgonga. Mwalimu akalileta gereji mara tatu. Mara zote tatu Fundi aliziba mdomo wa ekzosi kwa tambara bichi, akatega sikio kwa kipande cha mpira wa maji, akalipitia bomba lote. Kimya. Kisha akakaa kwenye kiti cha shemeji yake, akavuta pumzi ndefu kama mtaalamu, akatikisa kichwa. Ukoo ulipata kicheko cha miaka. Mama wa watu akitokea tu, mtu atasema, "Bi Pua huyo, ficheni soksi." Mwishowe Mwalimu akaomba maandishi.

Binti alifungua kijidroo cha mbele, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Wino wa bluu, kila nukta mahali pake: *Nimelikagua gari hili mara tatu. Halivuji moshi popote. Malalamiko ya abiria hayana msingi.* Fundi aliisoma akajisikia vizuri, akaitia mfukoni. Alikumbuka jinsi alivyolijaribu kwanza neno "msingi" kwenye karatasi nyingine, aone linavyokaa.

"Baba alimsomea mama hii mlangoni, siku aliyogoma kupanda," binti alisema. "Alipomaliza kusoma, mama akarudi ndani kufunga nguo zake."

Kwamba walitengana, Fundi alijua. Kwamba ni kwa karatasi ile, hakuwahi kuambiwa.

Siku hiyo alisafisha kabureta, akabadilisha mafuta, akafunga betri nyingine. Asubuhi iliyofuata akaliwasha. Injini ilikohoa, ikashika, na chini ya mngurumo wake akasikia tik-tik-tik, kama saa ya ukutani.

Akaifuata sauti kwa mpira wake hadi chini ya bati la kukinga joto, kwenye manifoldi, pale moshi wa silinda zote unapokusanyika kabla ya kuingia kwenye bomba. Akafungua bati. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kingo zake nyeusi kwa masizi. Akaenda ndani kutafuta tochi, akachelewa, na aliporudi sauti ilikuwa imekwisha. Injini sasa ilikuwa ya moto. Chuma kikipata joto hutanuka, na ufa ule ulikuwa umejifunga wenyewe, kama mdomo wa mtoto aliyeiba sukari.

Alizima. Akangoja hadi alasiri lipoe, akawasha tena. Tik-tik-tik, kisha kimya.

Akakaa juu ya tairi. Maisha yake yote magari yalimfuata kwa kuendeshwa. Gari hufika gereji likiwa moto. Kutoka kwa Mwalimu ulikuwa mwendo wa nusu saa. Mara zote tatu alikuwa amekagua ufa uliofungwa. Lakini asubuhi, injini ikiwa baridi na vioo vimepandishwa, moshi ulipanda ukaingia kwenye tundu la hewa chini ya kioo cha mbele, ukatokea magotini pa shemeji yake. Mtu mwenye pua angeukuta umelala kwenye kitambaa cha kiti. Yeye alivuta pumzi akaigiza.

Kazi ilimchukua siku nne, naye hakuwahi kufanya kazi safi kuliko hiyo. Nati zilizoshikana alizilowesha dizeli usiku kucha asije akazivunja. Alitoboa kijitundu kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutambaa, akaipasha manifoldi moto wa mkaa, akaichomelea, akaizika kwenye jivu ipoe polepole kwa siku nzima, kwani chuma cha aina ile ukikiharakisha kinapasuka upya. Akausugua uso wa manifoldi kwa msasa juu ya kioo hadi ukanyooka, akafunga gasketi mpya ya kuzibia kiungo. Na karatasi akaiandika: *Gari ni zima. Halivuji.* Kila neno lilikuwa kweli. Hakuna aliyemwuliza lilianza lini kuvuja.

Alimwita binti asubuhi, injini ikiwa baridi. Liliunguruma laini, bila tiki hata moja. Binti aliipokea karatasi akiwa na furaha.

"Nikamwonyeshe. Aone alivyotusumbua bure. Unajua mimi nilikuwa nalala siti ya nyuma kila asubuhi, mpaka walimu wananibeba kunitoa? Baba anasema uvivu. Mama anapiga kelele, moshi, moshi." Alicheka. "Mpaka leo tunamtania."

"Nipe hiyo karatasi," Fundi alisema.

"Kuna kosa?"

"Hukuwa mvivu, mwanangu. Lilikuwa linavuja. Ufa ni wa zamani."

Kazi yake ilikuwa uuguzi. Hakuhitaji kuelezwa moshi wa gari unafanya nini ndani ya damu ya mtoto wa miaka minane. Aliuweka mkono juu ya mlango wa nyuma.

"Na harufu? Si ulikaa kwenye kile kiti?"

"Sinusi. Tangu hujazaliwa."

Alimtazama pua kama anavyotazamwa mgonjwa. "Halafu ukamwita Bi Pua," alisema, wala halikuwa swali.

Fundi alimwomba amfikishie mama yake habari. Yeye mwenyewe asingeweza kwenda. Siku ya mazishi shemeji yake aliupita mkono wake kama mtu anavyolipita dimbwi.

"Mimi si tarishi wako," binti alisema. "Ya kwanza uliandika mwenyewe."

Akaondoka na gari.

Barua ya kwanza kwa shemeji yake ilianza *Kutokana na hali ya kiufundi ya wakati ule*, ikajaza nusu ukurasa kwa maneno mazuri. Aliisoma akaona mtu aliyejificha nyuma ya pazia, miguu nje. Akaichana. Ya pili ilimlaumu Mwalimu, ambaye hawezi kujibu. Akaichana nayo. Ya tatu ilikuwa fupi.

*Shemeji, gari lilikuwa linavuja. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza. Mimi sinusi, nilificha, kisha nikatia sahihi kwamba nimekagua. Mtoto hakuwa mvivu. Jina nililokupa nimelifuta mbele ya wote waliokucheka nalo: nakala ya barua hii nimeibandika mlangoni mwa gereji. Sikuombi kitu.*

Nakala ilikuwa na saa moja tu mlangoni pale mteja wake wa miaka mingi alipokuja na pikapu. Aliisoma akichezesha midomo, akairudia, akarudi ndani ya pikapu, akaondoka kinyumenyume.

Fundi aliikunja barua pamoja na ile karatasi ya wino wa bluu, akazitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa gumba. Posta karani alimwuliza, "Ya kawaida au ya rejesta, mzee?"

"Ya rejesta."

Karani aliigonga muhuri, akaitupa kwenye gunia nyuma yake bila kugeuka.